Fagio la Dakika Nne

Ofisini kwetu waliniita Mkato. Jina lilitoka kwa wakili mwenyewe, mwajiri wangu, siku aliponikuta nimemaliza barua tisa kabla yeye hajamaliza kikombe chake cha chai. Alisimama nyuma ya kiti changu akaniona naandika herufi tatu tu, kzm, na papo hapo kwenye kioo ikatokea sentensi nzima: "Kwa kuzingatia maelezo yaliyotangulia, mteja wetu anakuomba ujibu barua hii ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya kuipokea." Akacheka, akasema huyu binti ana njia ya mkato ya kila kitu. Tangu hapo hata mlinzi wa getini aliniamkia kwa jina hilo.

Hapakuwa na miujiza yoyote. Ilikuwa programu ndogo sana ya kompyuta, ambayo nilikuwa nimeifundisha vifupisho zaidi ya mia tatu. Na nilikuwa na nyingine, ndogo vilevile, niliyoipa jina la Fagio. Kazi yake ilikuwa kuzunguka ndani ya kompyuta ikitafuta vitu vilivyohifadhiwa mara mbili au mara tatu, kisha kufuta vya ziada ili nafasi irudi. Ofisi ya wakili ina tabia ya kuzaa nakala. Mkataba mmoja unaukuta kwenye folda tano, na kila mtu anaamini wa kwake ndio wenyewe. Fagio lilipita humo kila mwisho wa mwezi, na mimi nikawa nakaa naangalia namba za nafasi zikipanda, najisikia mtu wa maana. Sikuwa na cheo wala shahada, ila nilikuwa na programu mbili ambazo ofisi nzima ilikuja kuziomba kwangu. Hilo lilinitosha, na naona sasa kwamba lilinitosha kupita kiasi.

Mama yangu alikuwa mkunga. Alifanya kazi kwenye wodi ya wazazi miaka thelathini na minne, akastaafu na vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi. Mwaka wa pili wa kustaafu alianza kuandika kitabu. Alisema ni kwa ajili ya wakunga vijana, yale mambo ambayo darasani hayafundishwi. Aliandika kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, vingine amevikunja kama mtu anayebonyeza kengele ya mlangoni. Kompyuta yake ya mezani, nzee, ilikaa karibu na dirisha la sebule, na akimaliza aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe.

Aliyemtunzia ile mashine alikuwa fundi mmoja mwenye kibanda kando ya duka la dawa, kona mbili kutoka nyumbani kwa Mama. Watu walimwita Bisibisi, kwa sababu hukumkuta hata siku moja bila bisibisi mkononi au nyuma ya sikio. Mtu mpole, wa maneno machache. Ndiye aliyembadilishia Mama feni wiki mbili kabla ya haya ninayosimulia, na ndiye aliyemwambia zamani kwamba kila siku akimaliza kuandika ahifadhi nakala mpya, na asifute ya jana. Mama akalishika neno hilo kama agizo la daktari. Kila siku alifungua folda mpya, akaipa tarehe, akaweka ndani yake faili lenye jina lile lile: Kitabu. Na kwa kuwa alikuwa amepachika humo michoro aliyoichora kwa mkono na kuipiga picha, ya namna mtoto anavyokaa tumboni, kila nakala ilikuwa nzito kama gunia. Zikafika mia mbili na kitu. Diski ikajaa, na mashine ikaanza, kwa maneno yake Mama, kuhema.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi na flashi yangu mkobani.

Nilianza na vifupisho, na hapo tulifurahi sana. Mama alinitajia maneno anayoyaandika kila mara na kumchosha vidole, nami nikayapa herufi mbili au tatu. Mj ikawa "mama mjamzito". Shd ikawa "shinikizo la damu". Kn ikawa "kondo la nyuma". Akajaribu, akaona maneno yanajiandika, akanitazama kama nimemvua kiatu kilichombana miaka mingi. Kisha akasema ngoja ajaribie barua ya wakazi wa mtaa kwa idara ya maji, ambayo alikuwa ameombwa aiandike. Akaandika kn, mkato aliouzoea wa "kwa niaba", na kioo kikasoma: "Kondo la nyuma ya wakazi wa mtaa huu, napenda kuwasilisha malalamiko yetu." Tulicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Wapelekee hivyo hivyo," nikamwambia. "Maji yatatoka leo leo."

Alikwenda jikoni kuchemsha chai, bado anacheka peke yake, na mimi nikafungua Fagio.

Naomba nieleze vizuri hapa, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoharibikia, na sitaki mtu afikiri nilikosea kwa kutojua. Fagio lina njia mbili za kulinganisha mafaili. Ya kwanza hufungua kila faili na kusoma kilichomo, ndipo iseme haya mawili ni sawa. Ya pili huangalia majina tu. Ofisini sikuwahi kutumia ya majina, na wenzangu nilikuwa nawakataza. Lakini kwenye mashine ya Mama, ile ya kusoma yote iliniambia itachukua saa mbili na dakika kumi. Ya majina, dakika nne. Na mimi saa sita nilikuwa na miadi kwa msusi.

Nikabofya ya majina. Likaniuliza nakala ipi ibaki, ya zamani au mpya, na alama ilikuwa tayari imewekwa kwenye ya zamani. Sikuitazama. Kisha, kwa kuwa nafasi hairudi mpaka takataka zitolewe, nikamwaga na pipa la takataka. Namba ya nafasi ikapanda kuliko nilivyowahi kuona popote.

"Hujagusa kitu changu humo?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Nimetoa takataka tu, Mama."

Nikanywa chai, nikaenda kusuka.

Jumapili mchana akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile aliyoitumia wodini mambo yalipoharibika na hakutaka mgonjwa asikie.

"Kitabu kimekuwa kurasa tatu," akasema.

"Kurasa tatu vipi?"

"Zile tatu za siku ya kwanza. Nimefungua folda zote, hazina kitu. Jana zilikuwa mia na arobaini na moja, mwanangu. Umeona nini ulipokuwa unasafisha?"

Nilielewa palepale. Nilikuwa nimekaa kitandani na nywele zangu mpya. Kila faili liliitwa Kitabu, Fagio likaona Kitabu mia mbili na kitu, likabakiza la zamani kuliko yote. Nilijua hata dakika jambo lilipotokea. Nilichotakiwa kusema kilikuwa na maneno matatu: ni mimi, Mama.

Nikasema, "Mimi sikuona kitu. Labda ni ile mashine yenyewe."

Akasema, polepole, "Bisibisi aliifungua juzi juzi."

Hapo ningeweza bado kurudi nyuma. Ningeweza hata kunyamaza. Badala yake nikasema, "Mafundi hawa wakati mwingine wanagusa kitu ndani bila kujua."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi. Inasikika kama ya mtu mwenye busara. Sikumtaja jina, wala sikusema ni yeye. Nilimwachia tu Mama mlango wazi, na nikajua atapita.

Jumatatu asubuhi alichukua fimbo yake akaenda kwenye kibanda. Nilisimuliwa baadaye na fundi cherehani wa jirani, ambaye hakuwa na habari kwamba kila neno lake lilikuwa linanichoma. Mama hakupiga kelele. Hajawahi kuwa mtu wa kelele. Alisimama mbele ya kibanda, wateja wapo, akasema, "Nilikuamini na kazi yangu ya mwaka mmoja na nusu, na umeiharibu." Bisibisi akamwomba alete mashine aitazame. Mama akamjibu, "Uifanye nini tena?" Akaondoka.

Na hakuishia hapo. Mama alikuwa katibu wa chama cha wauguzi wastaafu, yeye na wanawake wengine kumi na mmoja waliofanya kazi pamoja na kuaminiana kama ndugu. Mwenyekiti wao alikuwa aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali, ambaye mpaka leo watu wazima wanamwita Metroni na kusimama akipita. Mama akawaambia yaliyompata. Hakutia chumvi. Aliwaambia ukweli kama alivyoujua, na ukweli huo ulikuwa umetoka kinywani kwangu.

Mimi nilifanya nini wiki ile? Nilikuwa binti mzuri mno. Nilimpigia kila siku. Nilimwambia asikate tamaa, aanze upya pale pale, mambo yamo kichwani. Akaanza kuandika kwenye mashine ile ile, kwa kidole kile kile. Jumatano nikampelekea zawadi ya kumliwaza: video za mafunzo ya ukunga, nyingi, nzito, nikazijaza kwenye ile nafasi niliyoipata kwa Fagio. Alinishukuru. Akaniambia, "Mungu amenipa mtoto." Nilikwenda msalani nikafungua maji ya bomba, nikasimama tu.

Jumanne iliyofuata, Bisibisi alikwenda nyumbani kwa Mama mwenyewe, amebeba mkoba wake, akaomba aitazame mashine mbele ya macho yake. Mama, kwa heshima tu, akamruhusu. Akakaa karibu saa nzima. Aliposimama akasema, "Mama, bado sijaelewa vizuri. Naomba unipe muda kidogo." Mama akaona hicho ni kisingizio.

Saa tisa alasiri siku hiyo hiyo, mlinzi wa getini akaniambia kuna mgeni wangu. Nilimkuta Bisibisi amesimama kwenye kivuli cha ukuta, mkoba begani. Hakutaka kuingia ndani.

"Dada," akasema, "ile programu yako ya kufuta nakala ina daftari lake. Inaandika kila inachofanya. Tarehe, saa, na majina."

Nikasogea mbali na geti, mlinzi asisikie.

"Jumamosi, saa tano na dakika kumi na mbili. Mafaili mia mbili na kumi na nne."

"Umemwambia Mama?"

"Hapana. Mimi siwezi kwenda kwa mzazi kumwambia mwanawe amemdanganya. Hiyo si kazi yangu." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonivua nguo. Angenitukana ningepata pa kushika.

"Hakuna namna ya kuyarudisha?"

Alitazama chini kidogo. "Faili ukilifuta haliondoki saa ile ile. Ni kama mpangaji aliyeambiwa ahame, bado yumo chumbani na vitu vyake. Anatoka pale tu mwingine anapoingia. Ningeipata mashine Jumapili ile, ningekirudisha kitabu chote. Hata Jumatatu. Lakini mama ameandika juu yake wiki nzima. Na kuna video humo, nyingi mno. Zimeingia vyumba vyote."

Niliziona zile video, kila moja kwa jina lake, kama nilivyozipanga mwenyewe.

"Vipande nitapata," akasema. "Si vingi. Lakini nitahitaji mashine nzima nzima, na mama hawezi kunipa mashine mpaka ajue." Akarekebisha mkoba begani. "Langu ni hilo tu, dada."

Akaenda zake. Nilirudi kwenye kiti changu, na mwenzangu wa meza ya pili akanikuta nimeandika kzm, na ile sentensi imejirudia kwenye ukurasa mzima, siku kumi na nne, siku kumi na nne, kwa kuwa kidole kilikuwa kinabonyeza chenyewe. Akauliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Mtu angedhani nilikwenda kwa Mama jioni hiyo. Sikwenda. Nilijiambia kesho. Jumatano nikajiambia ana wageni. Alhamisi nikaandika ujumbe wa simu, nikaufuta, nikaandika mwingine mfupi zaidi. Ijumaa, nikitoka kazini, nilipita kwa makusudi mtaa wa duka la dawa, sijui nilikuwa natafuta nini. Nikaona watu wawili wakitoa kompyuta mbili kwenye kibanda cha Bisibisi na kuzipakia kwenye gari. Metroni alikuwa amesimama pembeni anahesabu nyaya. Zilikuwa mashine za ofisi ya chama, ambazo fundi alikuwa anazihudumia kwa miaka. Bisibisi alimsaidia kubeba ya pili. Akaifunga vizuri kwa kamba isije ikagonga, akampa na karatasi ya maelezo. Kisha akakaa kwenye kigoda chake. Kibanda hakikuwa na mteja hata mmoja, na mikono yake haikuwa na kitu.

Aliniona. Aliinua mkono kunisalimia.

Jumamosi asubuhi nilifika kwa Mama saa tatu. Alikuwa anaandika. Nikavuta kiti, nikakaa kando yake, naye akaacha kuandika na kunigeukia.

"Kuna nini?"

"Kitabu nilikifuta mimi."

Nikamweleza. Nilimwambia kuhusu njia mbili, kuhusu majina, kuhusu ile alama ambayo sikuitazama. Nilimwambia hata habari ya msusi. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wagonjwa, hakatizi. Nilipomaliza alivua miwani akaiweka juu ya kibodi, na mashine ikaanza kuandika herufi moja bila kikomo, jjjjj, na hakuna aliyeiondoa.

"Ulijua lini?"

"Uliponipigia simu."

"Kabla sijakwenda kwa Bisibisi."

"Kabla."

"Na yeye anajua?"

"Tangu Jumanne. Aliona kwenye mashine. Alinijia kazini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya kitabu. Wiki mbili nilikuwa nimejiona nikimwambia pole kwa kitabu, yeye akilia, mimi nikilia. Sikuwa nimejiandaa kwa alichosema.

"Kitabu ni changu," akasema. "Ukikiharibu umeniharibia mimi, na mimi ni mama yako, tutamalizana. Lakini umenichukua ulimi wangu ukaenda kumchafua nao mtu. Watu wananiamini mimi. Miaka yote hii mtu akiniambia jambo nikisema ni kweli, wanajua ni kweli. Sasa nimekuwa mwongo, na sikuwa hata na habari."

Akaondoa miwani kwenye kibodi. "Niletee viatu vyangu."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma. Bisibisi alikuwa peke yake kibandani. Alipomwona Mama akasimama. Mama hakuanza kuzungumza. Alimwita kwanza muuza dawa atoke nje, akamwita fundi cherehani, akamsubiri mpaka amalize mshono.

"Mlinisikia hapa," akawaambia. "Nilisema huyu ameharibu kazi yangu. Si kweli. Aliyeharibu ni binti yangu, na akaficha. Fundi, nakuomba radhi. Nilikusema mbele ya watu, na nakuomba radhi mbele ya watu."

Kisha akanigeukia. Nikasema yangu. Muuza dawa alitazama viatu vyake muda wote, na nilimshukuru kwa hilo.

"Yamekwisha, mama," Bisibisi akasema. "Niletee mashine leo, tusipoteze siku nyingine." Halafu akanitazama mimi, kwa upole ule ule. "Ya mama nitaitengeneza. Ila wewe, dada, ukipata tatizo lako, naomba upeleke kwingine."

"Sawa," nikasema.

Nilidhani tumemaliza. Mama akatoa mkobani orodha ya wanachama.

Nyumba kumi na moja, siku mbili. Hakutaka simu. "Niliwaambia kwa mdomo wangu, wameketi," alisema. Kila nyumba tulikaribishwa, tukaketi, tukaulizwa habari za afya, na kisha Mama alisema, "Binti yangu ana jambo," akafunga mdomo. Nyumba ya kwanza na ya pili nilisema yote. Ya tatu nikawa nimeshajifunza kupunguza. Nikasema kulikuwa na hitilafu wakati wa kusafisha kompyuta, na kwamba fundi hakuhusika, tunasikitika kwa usumbufu. Ilitoka laini, kama barua ya ofisini.

Mwenyeji akaitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuleta vikombe.

"Keti, dada yangu," Mama akamwambia. "Hajamaliza." Na kwangu, bila kunitazama: "Sema yote."

Nikasema yote. Na nyumba ya nne, na ya tano, mpaka ya kumi na moja. Haikuzoeleka. Nilidhani kitu ukikirudia sana kinapoteza makali. Hiki kila sebule kilikuwa na makali yake, kwa sababu kila mama alikuwa ananijua tangu utoto na kila mmoja aliumia kwa namna yake. Mmoja alianza kunitetea, akasema vijana wana haraka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Metroni tulimwachia mwisho. Alisikiliza akiwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Kwa nini hukusema siku ile ile?" akaniuliza.

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa naona zaidi."

"Basi aibu haikukusaidia kitu," akasema, na akamuuliza Mama kama miguu bado inavimba.

Jumatatu yake alizirudisha zile kompyuta mbili kwa Bisibisi, akazipeleka mwenyewe. Wengine wa chama walirudi mmoja mmoja. Wawili hawakurudi, walikuwa wameshapata fundi mwingine, wakasema hawana ubaya naye, ni mazoea tu. Yeye hakulalamika. Nikipita pale namsalimia na ananiitikia, vizuri kabisa, na hatuna zaidi ya hapo.

Alichokipata kwenye mashine ya Mama kilikuwa kurasa kumi na tisa, hazifuatani, nyingine zimekatika katikati ya neno, na michoro minne. Mama alizichapa akazipanga sakafuni kama mtu anayeunganisha sahani iliyovunjika. Kisha akaanza upya.

Sasa Jumamosi nakwenda kumwandikia. Yeye anazungumza, mimi naandika. Nilitaka kuiondoa ile programu ya vifupisho pamoja na Fagio, akanikatalia. "Vidole vinavyouma ni vyangu," alisema. "Hilo fagio lako litoe. Hiki kingine kiache, nakihitaji siku ambazo hupo." Nikakiacha. Kazini bado wananiita Mkato, nami naitika.

Kitu ambacho sijamwambia mtu ni hiki. Kurasa mia na arobaini na moja zilikaa sebuleni kwa Mama mwaka mmoja na nusu, na mimi nilikuwa nakwenda pale kila wiki, nakunywa chai mita mbili kutoka zilipo. Sikuwahi kusoma hata moja. Nilijua uzito wake tu, megabaiti ngapi. Jumamosi moja tulipofika sura ya saba nilimuuliza ilikuwa inahusu nini, na akanieleza: usiku mmoja umeme umekatika, mama mwenye mimba ya mapacha, mtoto wa pili ametanguliza miguu, na msaidizi mgeni kazini aliyeishika taa mpaka mkono ukafa ganzi na hakuishusha. Alinisimulia yote, nami nikaandika haraka, kila neno.

Nikamsomea. Akasikiliza amefumba macho, kisha akatikisa kichwa.

"Sivyo?" nikauliza.

"Ndivyo ilivyotokea," akasema. "Lakini ile niliiandika vizuri. Nakumbuka kilichotokea. Sikumbuki nilivyokisema."

Nikabaki nimeweka vidole juu ya kibodi. Yeye akasubiri kidogo, akitazama nje dirishani, labda yatarudi. Hayakurudi.

"Iache hivyo," akasema. "Andika sura ya nane."